Hesabu Wati, Usihesabu Matundu: Kuchagua Habu ya USB na Chaja za Kompyuta ya Nyumbani

Diski ya nje yenye picha za harusi ya dada yangu ilianza kugonga usiku. Tik, tik, tik, kisha kimya, kisha tik tena. Kompyuta ikaandika kwamba haiitambui. Nililala nikiamini picha zote zimepotea. Asubuhi nikaipeleka kwa fundi Kariakoo, naye hakufungua hata skrubu moja. Aliichomeka nyuma ya kompyuta yake, ikazunguka, mafaili yote yakajitokeza.

"Nyumbani unaichomeka wapi?" akaniuliza.

"Kwenye habu, fundi. Ile ya matundu saba."

"Ina chaja yake?"

"Hapana, inatumia umeme wa kompyuta."

"Basi diski yako ni nzima, kaka. Ina njaa tu."

Habu ni kile kifaa kinachogeuza tundu moja la USB kuwa manne, saba au kumi. Nilikuwa nimeinunua kwa sababu ilikuwa na matundu mengi kuliko nyingine zote pale dukani. Tangu siku ile sinunui habu wala chaja kwa kuhesabu matundu. Nahesabu wati. Hesabu yenyewe ni ya darasa la nne, na namba zake zimechapwa kwenye kifaa chenyewe, kwa maandishi madogo ambayo wengi wetu huyaruka. Mwongozo huu utakusaidia kuyasoma.

Hesabu yenyewe

Fikiria maji bombani. Volti ni msukumo wa maji, ampea ni wingi wa maji yanayopita. Ukizidisha volti kwa ampea unapata wati, yaani kazi ambayo umeme huo unaweza kufanya kila sekunde. Chaja iliyoandikwa 5V 2A inatoa wati 10. Iliyoandikwa 9V 3A inatoa wati 27. Ukikuta herufi mA, gawanya kwa 1,000: 500mA ni nusu ampea.

USB ilipotoka mwaka 1996 ilikusudiwa kibodi, mausi, printa na vifaa vingine vya mezani. Hakuna aliyetegemea kwamba siku moja ingechaji simu na kompyuta nzima. Ndiyo maana tundu la kawaida la kompyuta hutoa umeme kidogo. Tundu la USB 2.0 limewekewa kiwango cha volti 5 na nusu ampea, yaani wati 2.5. Tundu la USB 3 lina volti 5 na ampea 0.9, yaani wati 4.5. Tundu la Taipu C linaweza kufika wati 15, lakini pale tu ambapo mtengenezaji wa kompyuta ameliruhusu.

Habu isiyo na chaja yake haiongezi chochote juu ya kiwango hicho. Inagawa kile kile kilichotoka kwenye tundu moja la kompyuta, na yenyewe hula kidogo. Ni bomba moja la uani linalotegemewa na nyumba saba. Ukiweka koki saba, maji hayawi mara saba.

Kabla ya kwenda dukani, chukua karatasi uandike kila kifaa utakachochomeka. Makadirio haya yatakutosha:

- Kibodi au mausi ya kawaida: chini ya wati 0.5 kila moja.
- Flashi: kati ya wati 0.5 na 1.5.
- Kamera ya kompyuta: wati 1 hadi 2.5.
- Diski ya nje ndogo, ile inayotosha kiganjani: wati 2.5 hadi 4.5, na huvuta zaidi sekunde chache za mwanzo inapoanza kuzunguka.
- Printa: karibu sifuri, kwa kuwa ina waya wake wa ukutani.
- Simu inayochaji: wati 5 na kuendelea.

Sasa jumlisha. Kibodi, mausi, kamera na diski moja vinafika wati 6 au 7 bila shida. Tundu la USB 3 lina wati 4.5. Jibu la ile tik, tik ya usiku liko hapo: diski inajaribu kuzunguka, umeme hautoshi, inasimama, inajaribu tena. Ikikatwa hivyo katikati ya kuandika faili, faili linaweza kuharibika, na ikiendelea hivyo kwa muda mrefu hata diski yenyewe inaumia.

Habu yenye chaja au isiyo nayo

Ikiwa unaongeza kibodi, mausi, printa na flashi ya mara moja moja, habu isiyo na chaja inakutosha. Usipoteze pesa. Ikiwa kuna diski ya nje, kamera, maiki ya kurekodia, au unataka kuchaji simu hapo hapo, nunua habu yenye chaja yake ya ukutani.

Lakini kuwa na chaja hakutoshi. Geuza ile chaja usome. Nimekuta habu ya matundu saba iliyofungashwa na chaja ya 5V 2A. Hizo ni wati 10 kwa matundu saba, ilhali matundu saba ya USB 3 yakitumika kikamilifu yanahitaji zaidi ya wati 31. Si lazima upate wati zote 31, kwa sababu hutachomeka diski saba kwa wakati mmoja. Chukua jumla ya orodha yako, ongeza theluthi moja juu yake, kisha tafuta chaja inayofika hapo. Kwa nyumba nyingi, habu ya matundu manne yenye chaja ya 5V 4A ni bora kuliko ya matundu saba yenye 5V 2A.

Habu nyingine huja na chaja ya volti 12, kisha umeme unashushwa kuwa volti 5 ndani ya habu yenyewe. Hiyo ni sawa, ila kuna hatari nyumbani: pini ya chaja ya volti 12 mara nyingi inaingia vizuri kabisa kwenye habu ya volti 5, kwenye ruta, au kwenye king'amuzi kisichohitaji volti hizo. Siku utakapokosea, utasikia harufu kabla hujaona moshi. Bandika kipande cha plasta kwenye kila chaja uandike kwa kalamu ya wino: "ya habu", "ya ruta". Dakika tano za kazi hiyo zinaokoa vifaa vingi.

Ukifika nyumbani na habu mpya, ifanyie jaribio hili. Zima kompyuta ya mezani kabisa, chomoa waya wake wa umeme, kisha unganisha habu ikiwa imechomekwa kwenye chaja yake. Kama taa ya kompyuta inawaka au feni inatikisika, habu hiyo inarudisha umeme nyuma ndani ya kompyuta. Irudishe dukani siku hiyo hiyo, maana umeme unaoingia kwa mlango wa kutokea unaweza kuunguza kompyuta.

Na kama una UPS, kile kifaa cha betri kinachoishikilia kompyuta umeme ukikatika, chomeka chaja ya habu hapo pia. Wengi huiweka kompyuta kwenye UPS na kuiacha habu kwenye soketi ya ukutani. Umeme ukikatika, kompyuta inabaki hai lakini diski inakatwa ikiwa katikati ya kazi, na kinachoumia ni kile ulichokuwa ukikihifadhi.

Kasi: angalia ndani ya tundu

USB 2.0 husafirisha megabiti 480 kwa sekunde. USB 3 ya kwanza husafirisha gigabiti 5, na iliyofuata gigabiti 10. Majina yamewachanganya hata wauzaji, kwa kuwa USB 3.0, USB 3.1 Gen 1 na USB 3.2 Gen 1 zote ni kitu kimoja: gigabiti 5. Acha majina, tafuta namba 5Gbps au 10Gbps kwenye boksi.

Kwa kibodi na mausi tofauti hiyo haina maana yoyote. Kwa diski ina maana kubwa. Video za harusi zenye ukubwa wa gigabaiti 20 zitachukua kama dakika kumi kupitia USB 2.0. Kwa diski ile ile kupitia USB 3, kama dakika tatu au nne.

Watu huambiwa waangalie plastiki ya bluu ndani ya tundu. Rangi hiyo ni desturi ya watengenezaji, na plastiki ya bluu ni rahisi kupatikana. Washa tochi ya simu uangalie ndani ya plagi yenyewe ya habu, ile unayoichomeka kwenye kompyuta. Plagi ya USB 2.0 ina vipande vinne vya madini. Ya USB 3 ina tisa: vinne mbele, na vitano vidogo nyuma yake. Ukiona bluu halafu ukahesabu vinne tu, hiyo ni USB 2.0 iliyopakwa rangi.

Jambo jingine linalowasumbua wengi bila kujua chanzo chake: mausi isiyo na waya inayokwamakwama. Vifaa vya USB 3 vinapofanya kazi hutoa kelele ya redio kwenye masafa ya gigahezi 2.4, na mausi nyingi zisizo na waya hutumia masafa hayo hayo. Kampuni ya Intel ililieleza tatizo hili mwaka 2012. Dawa yake ni rahisi: usichomeke kile kipokezi kidogo cha mausi jirani na diski. Kipeleke upande mwingine wa kompyuta, au kitoe mbali kwa waya mfupi wa kurefushia.

Habu za Taipu C za kompyuta mpakato

Baadhi ya kompyuta mpakato nyembamba za siku hizi zina matundu mawili tu, na yote ni Taipu C. Hapo watu hununua habu yenye kila kitu: HDMI ya skrini, matundu ya USB, sehemu ya kadi ya kamera, na tundu la kuchajia kompyuta kupitia hapo hapo. Kagua mambo mawili.

La kwanza ni picha. Si kila tundu la Taipu C linatoa picha. Umbo ni moja, kazi ni tofauti. Pembeni mwa tundu la kompyuta yako tafuta alama ya DisplayPort, herufi D na P zilizounganishwa, au alama ya radi ya Thunderbolt. Usipoiona, soma kijitabu cha kompyuta kabla ya kununua, au nenda dukani na kompyuta yako ujaribu kwenye skrini yao.

La pili ni umeme. Habu hizi hujikatia fungu lao kabla ya kupitisha umeme kwenye kompyuta, mara nyingi wati 10 hadi 15. Ukichomeka chaja ya wati 65, kompyuta itapata kama wati 50. Kama kompyuta yako inataka 65, basi ukitumia habu ya namna hii tafuta chaja ya wati 90 au 100.

Chaja: soma neno OUTPUT

Kila chaja halali ina maandishi mgongoni. Anza na neno INPUT. Linapaswa kusema 100–240V, 50/60Hz, kwa sababu umeme wetu wa nyumbani ni wa volti kati ya 220 na 240. Chaja nyingi ambazo ndugu hutuletea kutoka Marekani zinasema hivyo na zinahitaji adapta ya plagi tu. Iliyoandikwa 110V au 120V peke yake usiichomeke, itaungua.

Kisha soma OUTPUT. Chaja ya Taipu C ya mfumo wa USB Power Delivery, unaofupishwa PD, huandika ngazi kadhaa: 5V 3A, 9V 3A, 15V 3A, 20V 3.25A. Ngazi ya juu ndiyo wati zake kamili, na hapa ni 65. Kama kompyuta yako inadai wati 65 na ukaipa chaja ya simu ya wati 20, ama itakataa kuchaji, ama itachaji taratibu huku betri ikipungua wakati unafanya kazi.

Wengi huogopa kinyume chake, kwamba chaja kubwa itaunguza simu ndogo. Kwa mfumo wa PD hofu hiyo haina msingi. Chaja huanza na volti 5, inakitangazia kifaa ngazi ilizonazo, kifaa kinachagua, na ndipo umeme unapanda. Chaja ya wati 100 iliyotengenezwa sawasawa itaipa simu kile tu simu ilichoomba.

Pini za duara za kompyuta za zamani hazina mazungumzo ya namna hiyo. Hapo sheria ni moja: volti zilingane na zilizoandikwa chini ya kompyuta, ampea ziwe sawa au zaidi. Chaja ya 19V 4.74A inaweza kuchukua nafasi ya 19V 3.42A kama pini inaingia vizuri. Kinyume chake usijaribu.

Kwenye chaja yenye matundu mawili au matatu, ile namba kubwa iliyoandikwa mbele ya boksi ni jumla. Chaja ya wati 65 inaweza kutoa 65 kwenye tundu moja, lakini ukichomeka na simu inagawa, kwa mfano 45 kwa kompyuta na 20 kwa simu. Mgawanyo huo umeandikwa nyuma ya boksi. Usome kabla ya kulipa.

Utaona pia chaja zenye herufi GaN. Ndani yake kuna galiamu nitraidi badala ya silikoni, na faida yake ni chaja ndogo isiyopoteza umeme mwingi kwa joto. Ni kitu kizuri, lakini wati 65 za GaN ni wati 65 zile zile.

Kama unanunua chaja leo, chagua ya Taipu C yenye PD. Umoja wa Ulaya uliamuru simu mpya zinazouzwa huko zichajiwe kwa Taipu C kuanzia tarehe 28 Desemba 2024, na kompyuta mpakato kuanzia tarehe 28 Aprili 2026. Watengenezaji wanaouza huko ndio hao hao wanaotuuzia sisi.

Waya usiudharau

Chaja nzuri na waya mbovu ni sawa na chaja mbovu. Waya wa kawaida wa Taipu C pande zote mbili hubeba ampea 3, yaani hadi wati 60. Kupita hapo lazima waya uwe na chipu ndogo ndani inayojitambulisha kwa chaja kwamba unaweza ampea 5. Nyaya hizo huandikwa 100W au 240W. Bila chipu hiyo, chaja yako ya wati 100 haitapita 60, nawe utailaumu chaja.

Waya mbovu unaweza pia kuua kifaa. Mwaka 2016 Benson Leung, mhandisi wa Google aliyekuwa akipima nyaya za Taipu C zinazouzwa mtandaoni, alichomeka waya mmoja ambao ndani ulikuwa umeunganishwa kinyume. Uliharibu kompyuta yake, Chromebook Pixel, pamoja na vifaa vya kupimia alivyokuwa akivitumia. Kama mhandisi hakuuona ubovu ule kwa macho, wewe na mimi hatutauona. Nunua waya kwa muuzaji atakayekujua ukirudi.

Usalama ukutani

Kuna tabia moja naomba tuiache. Chaja ikiwa na pini mbili za duara, mtu huchukua kijiti au kifuniko cha kalamu, akakisukuma kwenye tundu la juu la soketi ili vile vifuniko vya ndani vifunguke, kisha akalazimisha pini. Inaingia, lakini haishiki. Pini nyembamba inacheza ndani ya soketi iliyotengenezwa kwa pini bapa, inapiga cheche, plastiki inaanza kuwa kahawia. Vifuniko vile viliwekwa ili mtoto asichokonoe umeme, na sisi tunamfundisha mtoto jinsi ya kuvifungua. Nunua adapta ya pini tatu yenye fyuzi.

Tafuta alama ya shirika la viwango, TBS ukiwa Tanzania au KEBS ukiwa Kenya, na alama ya miraba miwili, mmoja ndani ya mwingine, inayoonyesha chaja ina kinga maradufu ya ndani. Alama inaweza kughushiwa, kwa hiyo tumia na mkono wako. Baada ya nusu saa ya kuchaji iguse: uvuguvugu ni kawaida, lakini ikiwa huwezi kuishika sekunde kumi, ichomoe na usiirudishe. Usiifunike kwa nguo wala kuiweka chini ya mto, na usichomeke ekstensheni juu ya ekstensheni.

Umeme ukikatika, chomoa chaja. Ukirudi, subiri dakika chache ndipo uchomeke, kwa kuwa mara nyingi unarudi ukipanda na kushuka.

Dukani, kwa mpangilio

1. Toa karatasi yako yenye jumla ya wati na wati zinazohitajika na kompyuta.
2. Mwombe muuzaji afungue boksi. Soma chaja yenyewe, si picha ya mbele.
3. Zidisha volti kwa ampea, linganisha na karatasi.
4. Hesabu vipande vya madini ndani ya plagi kwa tochi ya simu.
5. Nenda na kifaa chako kinachokula umeme mwingi, hasa diski, ukichomeke pale pale. Nakili faili moja kubwa ukiwa umechomeka na kifaa kingine.
6. Dai risiti, na muulize ana siku ngapi za kubadilisha. Asiyekupa risiti hana siku hata moja.

Kama muuzaji hataki ufungue boksi, mshukuru, songa duka la pili. Iwe Kariakoo ya Dar es Salaam au Luthuli Avenue ya Nairobi, duka la pili liko hatua tano tu.

Diski ya harusi ya dada yangu bado naitumia. Iko kwenye habu ya matundu manne, chaja yake ni 5V 4A, na tangu niibadilishe haijagonga tena.